Sofa za Mwalimu na friji za watu: uchambuzi wa kisa cha kodi

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha hali zinazojirudia Dar es Salaam. Mtu mmoja mwenye mkasa wote huu hayupo, ila sheria na viwango ni vya Tanzania Bara kwa mwaka wa mapato 2024. Muuzaji tumemwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo wateja wanavyomwita: "Mwalimu, bei ya mwisho?"

Mwalimu anafundisha sekondari ya binafsi na anapanga nyumba ya vyumba vitatu Sinza. Januari 2024 baba watoto anahamishiwa Mwanza, na Mwalimu anatafuta nyumba ndogo Kimara. Vitu havitaenea. Anapiga picha, anaweka status ya WhatsApp, anafungua ukurasa wa Instagram, na matangazo mengine anayamwaga kwenye makundi ya Facebook ya kuuza na kununua. Malipo yote yanaingia kwenye namba moja ya simu, ileile anayopokelea fedha za ndugu na michango ya harusi ya mdogo wake, maana kwenye kamati yeye ndiye mhazini.

Biashara inanoga. Februari 2025 anakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kuulizia utaratibu wa kupata leseni ya biashara. Anaambiwa alete taarifa ya miamala ya simu ya mwaka uliopita. Jumla ya fedha zilizoingia ni shilingi 21,500,000. Ofisa anazidisha kwa 3.5% na kupata 752,500.

Mwalimu anashangaa: nimeuza sofa zangu mwenyewe, kodi ya nini? Ofisa naye anauliza: hizi fedha zimetoka wapi? Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Hizo milioni 21 na nusu inabidi zimwagwe kwenye ungo zichambuliwe kama mchele, punje hadi punje.

Zikichambuliwa, zinatoka mafungu manne. Vitu vyake vya nyumbani: 5,600,000. Vitu vya watu alivyowauzia wenyewe: 6,200,000. Vitu alivyonunua ili auze: 7,400,000. Michango ya harusi: 2,300,000. Fungu la mwisho si mapato yake kwa namna yoyote, na daftari la kamati lenye majina, ahadi na tarehe za kulipa linatosha kulitoa mezani. Mengine matatu kila moja lina sheria yake.

Vitu vya ndani

Kati ya Februari na Oktoba aliuza seti ya sofa iliyonunuliwa 1,800,000 kwa 750,000. Friji ya 950,000 kwa 420,000. Kabati la mninga la 900,000 kwa 600,000. Televisheni ya 850,000 kwa 400,000. Jiko la gesi lenye oveni la 780,000 kwa 350,000. Meza ya chakula na viti sita vya 1,100,000 kwa 600,000. Na laptop ya 1,400,000 kwa 580,000. Vilimgharimu 7,780,000, vimerudisha 3,700,000. Nje ya orodha hiyo kuna samadari aliyorithi kwa bibi yake wa Bagamoyo. Hiyo aliiuza kwa mwenye hoteli, 1,900,000.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ina vyungu vitatu tu: mapato ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji. Fedha isiyoingia kwenye chungu chochote haitozwi kodi ya mapato. Cha ajira kinajulikana, sofa haina nafasi humo.

Kwenye uwekezaji wengi wanaogopa bure. Wamesikia kwamba ukiuza mali kwa faida unalipa kodi, na ni kweli kwa mali fulani. Rasilimali za uwekezaji zimetajwa na sheria yenyewe: hasa hisa na dhamana za makampuni, na maslahi katika ardhi na majengo. Fanicha, vyombo, simu na nguo hazimo. Ndiyo maana hata samadari, ambayo haikumgharimu kitu na imemletea karibu milioni mbili, haina kodi ya ongezeko la mtaji. Angeuza kiwanja cha bibi badala ya kitanda chake, tungekuwa tunaandika kisa kingine.

Chungu cha biashara ndicho chenye mtego, kwa sababu tafsiri yake ni pana kuliko watu wanavyodhani. Biashara si lazima iwe na duka wala ijirudie. Hata mpango wa mara moja wenye sura ya kibiashara umo. Lakini tafsiri hiyohiyo inaitoa nje shughuli ambayo, kwa asili yake na kwa kuangalia kazi kuu ya mhusika, haifanywi kwa nia ya kupata faida. Mwalimu anayehama na kuuza sofa aliyoikalia miaka mitano kwa chini ya nusu ya bei yake ameangukia hapo barabara.

Kuna kosa la kusoma jedwali la kodi ya makadirio, ile ya wafanyabiashara wadogo inayopimwa kwa mauzo, ambalo hata wahasibu wa mtaani wanalifanya. Wanasema mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi, basi ukipitisha milioni 4 unalipa. Vitu vya Mwalimu vimefika 5,600,000, kwa hiyo anadaiwa. Hapana. Milioni 4 ni kiwango cha mauzo ghafi ya biashara (mauzo yote kabla ya kutoa gharama), kiwango kilekile kilichotumika Desemba 2018 vilipoanza vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000. Kama hakuna biashara, hakuna mauzo ghafi ya kupimwa. Mtu anaweza kuuza vitu vyake vya ndani vya milioni 30 akihamia Canada asiguswe na jedwali hilo, na mwingine akauza vya milioni 5 akaguswa.

Upande wa pili wa shilingi nao usemwe: hasara ya 4,080,000 kwenye vitu hivyo ni yake mwenyewe. Haiwezi kupunguzwa kwenye kodi ya mshahara wala kwenye faida ya friji tutakazozifikia.

Samadari ilikuwa na mkasa wake mdogo. Mwenye hoteli aliomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa sababu kampuni yake isipokuwa na risiti hiyo gharama inaweza kukataliwa kwenye hesabu za kodi. Rafiki mmoja mwenye duka Kariakoo akajitolea: "Nitakutolea mimi, usijali." Huo msaada ukataliwe mapema. Risiti ya EFD ya mtu ambaye hakuuza ni risiti ya uongo. Inaongeza mauzo ya rafiki, inampa mnunuzi karatasi ambayo haitahimili ukaguzi, na inamwingiza Mwalimu kwenye maelezo ambayo hakuwa na haja nayo. Mtu binafsi anayeuza kitu chake hatoi risiti ya EFD. Anatoa hati ya mauziano.

Laptop ndiyo ingeweza kugeuza hesabu. Hii ilikuwa ya kusahihishia mitihani na ya watoto kutazama katuni. Tuseme angekuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, na laptop imetumika humo kwa miaka mitatu ikikatwa uchakavu kwenye vitabu vya biashara. Kompyuta ziko daraja la kwanza la uchakavu wa mali za biashara, 37.5% kwa mwaka kwenye thamani inayobaki: 1,400,000 inakuwa 875,000, kisha 546,875, kisha 341,797. Ukiiuza 580,000 mwaka wa nne, na daraja hilo halina kitu kingine, ile ziada ya 238,203 ni mapato ya biashara. Umeuza chini ya nusu ya bei uliyonunulia na bado una kitu cha kutozwa, kwa kuwa ile tofauti ulikwisha kuidai kama uchakavu. Mashine za saluni, cherehani za fundi, friza ya barafu na kamera ya mpiga picha zipimwe kwa jicho hilo kabla ya kuitwa "vitu vyangu tu".

Gari la familia ni kitu binafsi pia, ila lina mlango wake. Umiliki unahamishwa kupitia TRA, na pale kuna ada ya uhamisho, kadi mpya na ushuru wa stempu wa 1% ya thamani. Wengi wanapeana kadi na funguo, wanaandikiana karatasi kwa mwanasheria, basi. Miezi sita baadaye faini za barabarani na madeni ya maegesho ya TARURA bado yanasoma jina la muuzaji.

Vitu vya watu

Mei shangazi anaona kurasa zinavyokwenda kasi. Anampa Mwalimu kabati. Jirani analeta tanuri la umeme. Mwalimu mwenzake ana kitanda cha mtoto. Hadi mwisho wa Julai amewauzia watu vitu vya 6,200,000 na mkononi mwake kimebaki 620,000.

Hiyo 620,000 ni biashara, hata kama kila mteja ni ndugu. Anafanya kazi ya dalali kwa malipo. Swali gumu ni mauzo yake ghafi ni yapi: 620,000 au 6,200,000?

Hapa lugha ya Kariakoo inasaidia kuliko vitabu. Kuna kamisheni, na kuna cha juu. Kwenye kamisheni mwenye mali anajua kitu kimeuzwa shilingi ngapi na dalali amekata kiasi gani. Kisipouzwa kinarudi kwake, kikivunjika njiani kwa uzembe wa bodaboda hasara ni yake. Kwenye cha juu, shangazi anasema "mimi nataka laki tatu yangu", Mwalimu anauza 380,000 na kubaki na 80,000 ambayo shangazi hataisikia kamwe. Winga wa Kariakoo anaishi kwa cha juu. Kikodi, mtu wa cha juu anakaribia sana kuwa mnunuzi na muuzaji: ofisa anaweza kusema ulinunua kwa laki tatu ukauza kwa 380,000, na mauzo yako ni 380,000 nzima.

Tofauti si ya maneno. Kama fungu hili lote likihesabiwa kwa bei kamili, mauzo ghafi ya Mwalimu kwa mwaka yanakuwa 6,200,000 na 7,400,000, yaani 13,600,000. Amevuka milioni 11, kiwango ambacho mashine ya EFD inakuwa lazima. Likihesabiwa kwa kamisheni, ni 8,020,000, na EFD haimhusu. Faida ni ileile, sahani moja ya ubwabwa, lakini masharti ni tofauti kabisa.

Kinachoamua ni ujumbe wa simu. "Shikamoo shangazi. Kabati limeuzwa 380,000. Nimekata 10%, 38,000. Nakutumia 342,000 sasa hivi." Kisha muamala wa 342,000 unaonekana kwenye taarifa ya simu siku hiyohiyo. Hapo hakuna ubishi kwamba fedha ilipita tu. Sehemu kubwa ya mauzo ya Mwalimu ina ujumbe wa namna hii, na kwa hizo 620,000 inasimama vizuri. Pale alipomlipa mwenye mali taslimu, bila sahihi, ndipo ungo unapovuja.

Kitu kimoja kwenye fungu hili hakikupaswa kupokelewa. Jirani aliyekuwa mfanyakazi wa mradi wa wafadhili alileta jenereta iliyoingia nchini kwa msamaha wa ushuru. Chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, mali iliyosamehewa kwa matumizi fulani ikiuzwa kinyume na lengo la msamaha, ushuru unaamka na kudaiwa kwa kiwango cha siku ya kuiuza. Msamaha ulimfuata mtu na mradi; chuma hakina msamaha wake. Vivyo hivyo vitu vinavyoletwa na wanaorudi nyumbani baada ya miaka ng'ambo na kuingizwa kama vyombo vya kaya vilivyotumika. Dalali aulize swali moja kabla ya kupiga picha: hiki kiliingiaje? Mzigo ukikamatwa, wa kwanza kuulizwa ni aliyekutwa nao.

Tarehe 9 Agosti

Siku hiyo Mwalimu ananunua friji mbili kwa mtu anayehama Mikocheni, 480,000 zote. Anazipeleka kwa fundi Manzese: moja inajazwa gesi, nyingine inabadilishwa kirekebisha joto na kupigwa rangi mlangoni. Jioni ya tarehe 12 zimeshawekwa Instagram.

Hakuna haja ya kutafuta mstari mahali pengine. Alinunua akijua atauza, akaongeza thamani, akatangaza mara moja, akarudia. Hakuzihitaji nyumbani hata siku moja. Hadi Desemba amenunua vitu vya 4,900,000, amewalipa mafundi 650,000, usafiri wa kirikuu na bodaboda 380,000, na ameuza kwa 7,400,000. Kwamba friji zimetumika hakubadilishi chochote, kama ambavyo belo la mitumba halibadilishwi na ukweli kwamba mashati yalishavaliwa huko yalikotoka. Kodi inaangalia kitu kilifikaje mikononi mwako na kwa nini.

Penye ugumu halisi ni laptop ile. Iliuzwa Oktoba, katikati ya friji na mashine za kufulia, kwenye ukurasa uleule, kwa maneno yaleyale: "ipo vizuri, haina shida, njoo inbox." Kwa nje ni bidhaa kama nyingine. Bado ni kitu chake binafsi, kwa sababu alikinunua 2020 akakitumia, na kuanza biashara Agosti hakugeuzi kila kilichomo ndani ya nyumba kuwa bidhaa. Lakini hapo mzigo wa kuthibitisha unamwelemea. Risiti ya dukani ya 2020 aliyokuwa nayo kwenye bahasha ya hati za nyumba ilitosha. Bila hiyo, sisi tungemshauri aikubali kama bidhaa kuliko kuharibu uaminifu wa orodha nzima kwa ajili ya kitu kimoja.

Na hapa tuweke pembeni jambo linaloletwa na ndugu wa nje. Binamu yake wa London alimwambia kuna msamaha wa pauni 1,000 na kwamba mitandao inaripoti muuzaji akifikisha mauzo 30. Ni kweli, kwa Uingereza: posho ya pauni 1,000 ipo tangu Aprili 2017, na sheria ya majukwaa kuripoti wauzaji ilianza Januari 2024. Hazina kazi Kimara.

Hesabu yenyewe

Mauzo ghafi ya biashara ni 7,400,000 na 620,000, jumla 8,020,000. Kwenye jedwali la kodi ya makadirio hiyo ni kati ya milioni 7 na 11: asiye na kumbukumbu analipa 250,000, mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na 3% ya kinachozidi milioni 7. Kwa Mwalimu, 3% ya 1,020,000 ni 30,600, jumla 120,600. Ile 3.5% ya ofisa ni ya ngazi inayoanza juu ya milioni 11, ambako Mwalimu hajafika.

Washauri wengi wangeishia hapo na kupeana mikono. Kuna sharti linalosahaulika. Utaratibu wa makadirio kwa mauzo ni wa mkazi ambaye mapato yake ya mwaka ni ya biashara peke yake. Mwalimu ana mshahara. Kwa maandishi ya sheria hayumo, na mapato yake yote yanajumlishwa na kutozwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi.

Mshahara wake unaotozwa, baada ya mchango wa hifadhi ya jamii, ni 860,000 kwa mwezi. Kwa mwaka 10,320,000. Mwajiri amekata PAYE (kodi ya mshahara) ya 93,000 kila mwezi, yaani 1,116,000. Faida ya friji ni 7,400,000 kutoa 4,900,000, 650,000 na 380,000: inabaki 1,470,000. Ongeza kamisheni 620,000, toa bando na makato ya miamala 170,000. Faida ya biashara ni 1,920,000, na jumla ya mapato 12,240,000.

Viwango vya mwaka ni hivi: hadi 3,240,000 hakuna kodi, 3,000,000 zinazofuata ni 8%, yaani 240,000, 2,880,000 zinazofuata ni 20%, yaani 576,000, 2,880,000 nyingine ni 25%, yaani 720,000. Hapo umefika milioni 12, na kodi ni 1,536,000. Zile 240,000 zilizozidi zinatozwa 30%, 72,000. Jumla 1,608,000. Toa PAYE iliyokwisha lipwa, zinabaki 492,000.

Kwa hiyo mtu asiye na ajira angelipa 120,600 kwa kazi ileile ambayo mwajiriwa analipia 492,000. Inauma, na tunaona si haki sana kwa wafanyakazi wanaosukumana na maisha kwa biashara ndogo, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Ofisa akikadiria kwa jedwali dogo bila kuuliza kuhusu ajira, nafuu hiyo si ya kujengea nyumba. Ukaguzi unaweza kuirudia baadaye na riba juu.

Mezani na ofisa

Februari 2025 haijafika siku ya ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka. Ya mwaka 2024 inatakiwa ndani ya miezi sita, hadi 30 Juni 2025. Alichochelewa Mwalimu ni makadirio ya awali (kodi anayotarajia kulipa kwa mwaka) na awamu za mwaka uliopita tangu biashara ilipoanza, na kwa hizo riba itahesabiwa. Mwajiriwa wa mwajiri mmoja huwa hasumbuki na ritani, ila akishakuwa na mapato ya biashara anawasilisha moja inayobeba yote, pamoja na cheti cha PAYE kutoka kwa mwajiri.

Afanye hivi kabla ya TRA kutoa hati yoyote ya makadirio, yaani hati rasmi ya kodi anayodaiwa. Achapishe taarifa ya miamala ya mwaka mzima. Pembeni ya kila fedha iliyoingia aandike herufi: N kwa vya nyumbani, W kwa vya watu, B kwa bidhaa, H kwa harusi. Kila herufi iwe na namba ya kielelezo, na vielelezo vipangwe kwa mfuatano huohuo kwenye faili. Ofisa aliyeletewa jedwali la kurasa nne lenye jumla zinazofika 21,500,000 kamili ana kitu cha kukagua. Aliyeletewa maneno ana kitu cha kukadiria.

Vielelezo vya fungu la nyumbani ni picha za vitu vikiwa ndani ya nyumba zenye tarehe za zamani (picha za Eid na sikukuu za kuzaliwa zinafaa ajabu, sofa haikosi nyuma ya keki), risiti za dukani zilizobaki, mkataba wa nyumba ya Sinza uliokwisha na wa Kimara ulioanza, na hati za mauziano. Hati hiyo ni ukurasa mmoja: majina na namba za NIDA za pande mbili, kitu na namba yake ya utambulisho, mwaka kilipopatikana, bei, tarehe, sababu ya kuuza, sahihi na shahidi. Mjumbe wa mtaa anafaa kuwa shahidi kwa vitu vikubwa. Kwa simu, bonyeza *#06# na kuandika IMEI. Hiyo inakulinda pia siku polisi watakapouliza simu ilitoka wapi.

Kwa friji mambo ni magumu zaidi. Mtu binafsi anayekuuzia friji yake hana EFD, na fundi wa Manzese mara nyingi hana pia. Hati ya mauziano yenye NIDA ya muuzaji, muamala wa malipo kwenda namba yake, na karatasi ya fundi yenye jina, simu, kazi aliyofanya na kiasi ndivyo utakavyovisimamia. Malipo ya taslimu yasiyo na karatasi uyahesabu kuwa yamepotea. Kila 100,000 ya gharama isiyothibitika inamwongezea Mwalimu 30,000 ya kodi, maana amekwisha kuingia ngazi ya juu. Kumbukumbu zote zihifadhiwe miaka mitano.

Ikitokea hati ya makadirio ya 752,500 imeshatolewa rasmi, njia ni pingamizi la maandishi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu kuipokea, likiwa na sababu na vielelezo. Pingamizi halipokelewi bure: unalipa kwanza kodi usiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Theluthi ya 752,500 ni 250,833. Mwalimu anakubali 492,000, kwa hiyo atalipa 492,000 ndipo asikilizwe kuhusu 260,500 zilizobaki. Anaweza kuomba apunguziwe akiwa na sababu nzito, ila mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi uko kwake hata akifika Bodi ya Rufani za Kodi. Ndiyo maana jedwali la kurasa nne Februari lina thamani kuliko wakili mzuri Agosti.

Kwa mwaka 2025 amebakiwa na kazi tatu za karibu. Kusajili TIN yake kwa shughuli ya biashara, kisha kwenda manispaa ya Ubungo kwa ajili ya leseni. Kuwasilisha makadirio ya mwaka kabla ya 31 Machi na kulipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Na kuchukua laini ya pili ya simu kwa ajili ya friji peke yake, kisha kumkabidhi mtu mwingine uhazini wa harusi.